Kuyadhibiti Magugu ya Kudumu kwa Viumbe Hai: Mwongozo kwa Wakulima wa Kilimo Hai wa Malindi

Mkulima wa Malindi anayefuata kilimo hai huyamudu magugu mengi ya msimu kwa jembe na kwa mikono ya watu wa nyumbani, kwa kuwa kishonanguo, mchicha wa porini na mengine ya jinsi hiyo huishi msimu mmoja tu, na yakipaliliwa kabla ya kutoa mbegu huwa yamekwisha. Taabu yake kubwa iko kwa magugu ya kudumu, yaani ndago, ukoka, kichaka cha lantana, mti wa mathenge na wenzao, ambayo hata yakipaliliwa kwa bidii huchipua tena kabla zao halijapata nafasi ya kutanua majani. Sababu ni kwamba magugu haya huweka akiba ya chakula chini ya ardhi, ama katika viazi vidogo, ama katika mashina yanayotambaa udongoni, ama katika kisiki na mizizi minene, na kila yanapokatwa huichota akiba hiyo na kuanza upya.

Anayetumia dawa za viwandani huifikia akiba hiyo kwa sumu inayoshuka kutoka kwenye majani. Mkulima wa kilimo hai hana njia hiyo, kwa sababu kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimo hai, kilichopitishwa mwaka 2007 na ambacho ndicho msingi wa alama ya Kilimohai, hakiruhusu dawa za kemikali za kuua magugu. Kwa hiyo inambidi aifanye akiba ile itumike hadi iishe na kuizuia isijazwe tena, kazi ambayo jembe peke yake haliwezi kuikamilisha kwa sababu mtu huchoka na gugu halichoki. Mazao yanayofunika udongo, mifugo inayolisha kwa mpango, na pale inapofaa wadudu wanaoshambulia gugu moja tu, huendelea na kazi mchana na usiku baada ya mkulima kurudi nyumbani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvipanga viumbe hivyo kwa kufuata majira ya pwani yetu, na unakaa zaidi kwenye ndago kwa sababu ndiyo inayowafanya wakulima wengi wa mboga kukata tamaa.

Kulitambua gugu kwa kuchimba

Usianze kazi kwa kutazama majani peke yake. Chimba mahali patatu au panne kwa kina cha jembe, utoe mmea mzima pamoja na vilivyo chini yake, uuoshe na uutazame vizuri. Ndago ina shina la pembe tatu ambalo huhisika wazi ukilizungusha kati ya vidole, na chini yake kuna viazi vidogo vya rangi ya kahawia iliyokoza, vyenye harufu, vilivyofuatana kwenye uzi mmoja kama shanga. Ikiwa maua yake ni ya manjano na kila uzi umeishia kwenye kiazi kimoja tu, huyo ni ndugu yake ndago, ambaye viazi vyake hulika. Namna ya kumdhibiti haitofautiani sana. Ukoka hutambaa juu ya udongo na chini yake pia, na kila kifundo kinachogusa ardhi hutoa mizizi. Nyasi ndefu zenye makali pembeni, zenye maua meupe laini na machipukizi ya chini yenye ncha inayoweza kutoboa hata muhogo ulio ardhini, ambazo wataalamu huziita Imperata, hupatikana zaidi pale ambapo shamba limezoea kuchomwa moto mwaka hadi mwaka, kwa kuwa moto huwaua washindani wake na kuyaacha mashina yake ya chini yakiwa salama.

Kuchimba huko kuna faida yake, kwa sababu tiba ya gugu moja inaweza kuwa haina kazi kwa jingine. Matandazo mazito ya makuti na majani makavu huudhoofisha ukoka mchanga na huzuia mbegu za lantana kuota, lakini ndago huyatoboa bila shida, na hutoboa hata karatasi ya nailoni iliyotandazwa juu ya tuta. Jambo ambalo ndago, ukoka na Imperata hushirikiana, na ambalo ndilo mlango wetu, ni kwamba yote matatu hupenda jua kali na hudhoofika sana yanapofunikwa na kivuli cha majani mabichi.

Adui wa asili, na mipaka yake

Wenye minazi wanaijua kazi ya adui wa asili tangu zamani, hata kama hawaiiti kwa jina la kitaalamu. Chungu wekundu waitwao maji moto wanaposhika mnazi na kujenga viota vyao vya majani, kunguni anayefyonza vidaka na kuviangusha hupungua, na mnazi huzaa vizuri. Udhibiti wa kibayolojia wa magugu una msingi huo huo: kutafuta kiumbe ambaye chakula chake ni gugu lenyewe.

Magugu mengi mabaya yaliletwa kutoka nchi za mbali bila ya wadudu na magonjwa yaliyokuwa yakiyapunguza kwao, na ndiyo sababu yanasitawi kupita kiasi ugenini. Australia ilikuwa na hekta zipatazo milioni 24 zilizovamiwa na mpungate; mwaka 1925 nondo aitwaye Cactoblastis aliletwa kutoka Argentina, akaanza kusambazwa mwaka uliofuata, na viwavi wake wakaiangamiza sehemu kubwa ya mipungate hiyo katika muda wa miaka michache. Hapa Kenya, fukusi wa jamii ya Neochetina waliachiliwa katika Ziwa Victoria kuanzia mwaka 1997 ili kula gugu maji, baada ya kuzalishwa na watafiti, na huko Laikipia mdudu mdogo anayefyonza na kujifunika kwa utando mweupe ametumika dhidi ya mpungate uliokuwa umewanyima wafugaji malisho.

Mifano hii inatia moyo, lakini nasisitiza kwa nguvu zangu zote kwamba haimpi mkulima ruhusa ya kubeba wadudu kutoka mahali pamoja hadi pengine kwa hiari yake. Nondo yule yule aliyeisaidia Australia alipelekwa katika visiwa vya Karibi mwaka 1957, akaendelea kuenea, na mwaka 1989 akaonekana Florida nchini Marekani, ambako mipungate ni mimea ya asili inayostahili kulindwa. Mfano wa karibu nasi zaidi ni wa kunguni mdogo wa lantana, Teleonemia, aliyeachiliwa Afrika Mashariki katikati ya karne iliyopita. Huko Uganda, katika miaka ya 1960, alipoimaliza lantana iliyokuwa karibu, makundi yake yalihamia kwenye mashamba ya ufuta na kuyafyonza majani yake. Mkulima wa Witu, Hindi au Mpeketoni, huko Lamu, anayetegemea simsim ataelewa mara moja uzito wa habari hiyo. Kwa sababu kama hizo, uingizaji wa kiumbe yeyote wa namna hii nchini ni lazima upitie kwa KEPHIS, shirika la serikali linalosimamia afya ya mimea, baada ya majaribio ya kuhakikisha kwamba hatashambulia mimea mingine. Kazi ya mkulima ni kutoa taarifa na kushirikiana na watafiti wanapofika, si kuanzisha mradi wake mwenyewe.

Kuhusu ndago, mdudu wa kutegemewa hajapatikana. Hawaii ilileta fukusi na nondo wa kuishambulia tangu mwaka 1925, na matokeo yakawa madogo, kwa kuwa viazi vimejificha udongoni na hufidia haraka majani yanayoliwa juu. Marekani walifanya kazi nyingi juu ya kuvu wa kutu anayeshambulia yule ndugu wa maua ya manjano, lakini kuvu huyo huzaliana juu ya mmea ulio hai tu, jambo linalofanya kumzalisha kwa wingi kuwa kazi ngumu. Kwa hiyo asije mtu akakuuzia chupa ya kuvu wa kuua ndago sokoni. Bidhaa yoyote ya namna hiyo ni lazima iwe imesajiliwa na bodi ya kusimamia dawa za wadudu na magugu, na muuzaji aonyeshe usajili huo kabla hujatoa pesa. Njia zilizo mikononi mwa mkulima leo ni mbili, mazao yanayoshindana na gugu na mifugo inayolila, na zikipangwa vizuri zinatosha.

Ndago: kazi ya mwaka mzima

Ndago iliwekwa mwanzoni kabisa mwa orodha ya magugu mabaya zaidi duniani iliyotolewa na wataalamu mwaka 1977, na aliyewahi kulima mboga kandokando ya Mto Sabaki hatashangaa. Ili kuielewa, zingatia mambo mawili. La kwanza ni kwamba kiazi kilicho mwishoni mwa uzi huvizuia vingine visichipue. Uzi ukikatwa kwa jembe, kila kiazi hujikuta huru na huanza kuota. Ndiyo maana kulima mara moja wakati udongo una unyevu huzidisha ndago badala ya kuipunguza. La pili ni kwamba chipukizi jipya huishi kwa akiba ya kiazi katika wiki zake mbili hadi tatu za kwanza, na baada ya hapo majani huanza kurudisha chakula chini na kutengeneza viazi vipya. Ukilikata katika wiki hizo za mwanzo umeipunguza akiba, na ukichelewa umeiacha ikajazwa.

Anza wakati wa kaskazi, kati ya Januari na Machi, jua linapokuwa kali na udongo mkavu. Lima kwa kina cha sentimita 20 hivi, ukigeuza madongoa makubwa bila kuyavunja, ili viazi vingi viwe juu na vipigwe na jua na upepo. Viazi vingi hukaa katika sentimita 15 za juu, na hufa vinapokauka kabisa. Baada ya wiki mbili geuza tena ili vilivyokuwa chini navyo vipande juu. Okota vile vinavyoonekana wazi, vianike juu ya sakafu ngumu au bati na kisha uvichome; usivitupe kwenye shimo la mboji isipokuwa una hakika kwamba mboji yako hupata joto kali hadi pembeni. Kuku wakiachiliwa katika eneo hilo huchakura na kusaidia kufunua viazi, ingawa hawavili kwa wingi. Nguruwe ndiye mnyama anayejulikana kwa kufukua ndago na kuila, lakini kwa sehemu kubwa ya jamii ya Malindi na Lamu hilo halina nafasi, na mpango huu haumhitaji.

Hapa pana ugumu kwa wenye bustani za kumwagilia, kwa sababu kaskazi ndio wakati ambao mboga zina bei nzuri na hakuna anayetaka kuacha ardhi ikauke. Ushauri wangu ni kuigawa bustani sehemu nne, na kila mwaka kuiacha sehemu moja bila maji katika miezi hiyo mitatu. Hasara ya robo ya bustani kwa msimu mmoja ni ndogo kuliko vibarua wa kupalilia ndago mwaka mzima, na sehemu ambayo haikaushwi kamwe itabaki chanzo cha ndago kwa zile nyingine.

Mvua za mwaka, yaani masika, zinapoanza, mwishoni mwa Machi au katika Aprili, usiharakishe kupanda. Iache ndago ichipue kwa mvua za kwanza, na kwa kuwa nyuzi zake zilikatwa wakati wa kaskazi, viazi vilivyosalia hai vitachipua karibu kwa wakati mmoja, jambo tunalolitaka. Siku ya kumi na nne hivi baada ya machipukizi kuonekana, yakate kwa jembe la juujuu, bila kuchimba chini, na upande zao la kufunika siku hiyo hiyo au kesho yake. Kila siku inayopita kati ya kukata na kupanda ni siku ambayo ndago inapata jua bila mshindani.

Mazao ya kufunika yanayofaa pwani ni mukuna, fiwi na kunde. Mukuna, ambayo ni upupu uliochaguliwa na kuzalishwa usiwe na nywele zinazowasha, ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Panda mbegu mbili kwa shimo, sentimita 50 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, na katika muda wa miezi miwili hivi, mvua ikiwa njema, utaona udongo umefichika. Mbegu zake zisipikwe nyumbani kama maharagwe, kwa kuwa zina kemikali inayoweza kumdhuru mlaji. Ina tabia ya kupanda juu ya chochote kilicho karibu, kwa hiyo acha duara la mita moja bila mukuna kuzunguka mche wa mwembe au mnazi, na ikiwa unaichanganya na mahindi, ipande wiki nne hadi sita baada ya mahindi kuota. Fiwi hukua polepole zaidi mwanzoni lakini huvumilia ukame, hudumu muda mrefu na huliwa. Kunde hufunika mapema sana na hutoa mboga ya majani, ila maisha yake ni mafupi, na inapozeeka na kupukutisha majani ndago hurudi. Kwa familia yenye nusu ekari ambayo haiwezi kuiachia mukuna ardhi yote, ninapendelea kunde na fiwi zipandwe pamoja, mstari kwa mstari, ili kunde ifunike mwanzoni na fiwi iendeleze kivuli baada ya kunde kuvunwa.

Zao la kufunika halitaishinda ndago bila msaada wa mwanzo. Palilia mara moja au mbili kwa mkono katika wiki za mwanzo, hadi majani ya mistari miwili yagusane. Kuna njia rahisi ya kujua kama kivuli kinatosha: simama shambani saa sita mchana, ufunue majani kidogo na utazame ardhi. Ukiona madoa mengi ya jua juu ya udongo, panda mbegu zaidi katika mapengo hayo, maana ndago itaibukia hapo hapo. Mukuna ikianza kutoa maua, ikate na uilaze juu ya ardhi kama matandazo; usiifukie, kwa sababu kufukia ni kulima, na kulima wakati wa unyevu ni kuvizindua viazi vilivyolala.

Wakati wa vuli, kuanzia Oktoba, sehemu hiyo hiyo ipandwe viazi vitamu. Kujenga matuta kunakata machipukizi yaliyosalia, na marando yakipandwa kwa sentimita 30 juu ya matuta yaliyoachana kwa sentimita 90 yatafunga ardhi vizuri. Uchunguzi uliofanywa Marekani umeonyesha kwamba viazi vitamu vina kemikali zinazozuia ukuaji wa ndago ya maua ya manjano, mbali na kivuli chake, na hata bila ya hilo ni zao linaloliwa na kuuzwa, kwa hiyo ardhi haikai bure. Chagua aina inayotambaa, si ile inayokua kama kichaka. Kwa muda huo wote usipande vitunguu wala karoti katika sehemu hiyo, kwa kuwa majani yake membamba hayatoi kivuli chochote, na ndago huzaa viazi kati ya mistari yake kana kwamba imelimiwa.

Ukoka na Imperata: kazi ya mifugo

Kabla ya kuupiga vita ukoka, jiulize uko wapi. Chini ya minazi mikubwa, ambako ng'ombe hufungwa kwa kamba, ukoka ni malisho mazuri na hulinda udongo wa mchanga usichukuliwe na maji. Kuuondoa huko ni kujitafutia hasara. Unakuwa gugu pale unapoingia kwenye mboga, kwenye muhogo mchanga au kwenye vitalu vya miche.

Hapo ndipo mbuzi na kondoo wanapofaa, lakini kwa utaratibu ambao ni kinyume cha ule wa mfugaji wa kawaida. Anayetaka malisho yadumu huyapumzisha muda mrefu baada ya kulishwa ili yajaze akiba; wewe unataka yasipate pumziko hilo. Wafunge mbuzi kwa kamba fupi mahali padogo, wale hadi karibu na ardhi, uwahamishe, na uwarudishe mara tu majani mapya yanapofika urefu wa kiganja. Rudia hivyo katika msimu wote wa kaskazi, ambapo nyasi hukua kwa shida, na mvua za mwaka zinapokuja lima juujuu na upande mukuna au fiwi kama ilivyoelezwa kwa ndago. Mbuzi bila zao la kufunika huacha ardhi wazi ambayo ukoka utaipata tena, na zao la kufunika bila mbuzi hulikuta gugu likiwa na akiba kamili. Kisiwani Lamu punda wanaweza kufanya kazi hiyo kwenye viunga vidogo, mradi wafungwe, kwa kuwa punda aliyeachwa huru huchagua anachokitaka na kupita.

Imperata ni ngumu zaidi kwa mifugo, kwa sababu majani yake yakikomaa huwa makali na hayana lishe. Mifugo huyala yakiwa machanga tu. Badala ya kuyachoma, yalaze: chukua gogo au ubao mzito wenye kamba pande mbili, uukanyagie juu ya nyasi hadi mashina yapinde na kuvunjika bila kukatika, kisha pitisha mistari ya mukuna katikati yake. Nyasi iliyolala hufa polepole na kujifunika yenyewe, ilhali iliyochomwa huchipua upya katika siku chache. Huko Benin, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wakulima wa mahindi waliotaka kuyarudisha mashamba yaliyotekwa na Imperata walitumia mukuna kwa namna hii, na walipata pia rutuba, kwa kuwa mukuna ni jamii ya kunde na huongeza naitrojeni udongoni.

Lantana na mathenge

Wadudu wa lantana wamekwisha kuwapo katika ukanda huu, na utaona majani yakigeuka rangi na kupukutika wakati wa ukame. Hawaui kichaka, huchukua majani, na mvua ikinyesha lantana huchipua tena. Faida yao ni kwamba kichaka kilichonyonywa hutoa maua na matunda machache, na huo ndio wakati wa kukishambulia, kwa kuwa kina akiba ndogo. Ng'oa pamoja na shina la mizizi, kabla matunda hayajaiva na ndege hawajayabeba, na mahali hapo papandwe siku zile zile kitu kinachokua haraka, kwa mfano mti wa glirisidia kwa ajili ya ua na mbolea, au matete ya kulisha ng'ombe. Usiwategemee mbuzi kwa kazi hii. Majani ya lantana yana sumu inayoharibu ini na kuifanya ngozi ya mnyama ichomwe na jua, na mfugo mwenye njaa aliyefungwa karibu nayo anaweza kufa.

Mathenge ulipandwa pwani yetu mwaka 1973, katika kazi ya kufufua machimbo ya mawe karibu na Mombasa, na leo ni tatizo kubwa katika bonde la Mto Tana. Maganda yake ni matamu na mifugo huyapenda, na mbegu hupita tumboni zikiwa nzima na kuota kwenye samadi, kwa hiyo mfugo unaolishwa maganda mazima ndiye msambazaji mkuu. Afrika Kusini iliachilia mbawakawa wanaokula mbegu hizo kuanzia mwaka 1987, ikaonekana kwamba mifugo huyamaliza maganda kabla ya mbawakawa kuyafikia. Somo kwetu ni kuyaokota maganda yakianguka na kuyasaga hadi mbegu zivunjike, ndipo yawe chakula cha mifugo. Mti wenyewe ukatwe chini ya usawa wa ardhi, sentimita 10 au zaidi kwa mti mchanga, maana machipukizi hutoka kwenye sehemu ya shina iliyo karibu na uso wa udongo. Ukikatwa juu ya hapo, badala ya shina moja utapata mengi.

Kupima, na kuziba njia za kurudi

Macho hudanganya katika kazi hii, kwa kuwa shamba lililofunikwa huonekana safi hata kama viazi bado vimelala chini. Kabla ya kuanza, chimba vishimo vitano katika sehemu unayoishughulikia, kila kimoja sentimita 30 kwa 30 na kina cha 15, chekecha udongo na uhesabu viazi vya ndago vilivyo vigumu na vyeupe ndani. Andika idadi. Rudia katika mahali pale pale kila mwisho wa vuli. Viazi vinaweza kulala udongoni kwa miaka kadhaa, kwa hiyo usitarajie sifuri; unachokitafuta ni idadi inayoshuka kila mwaka.

Wakati huo huo kagua kinachoingia. Samadi mbichi iliyonunuliwa huleta mbegu za mathenge na nyasi, basi ilundikwe na kugeuzwa hadi ipate joto kabla ya kutumika, na isiguse kamwe mboga zinazoliwa mbichi. Miche ya michungwa au ya mapapai iliyonunuliwa ndani ya mifuko ya udongo ikaguliwe, kwa sababu ndago nyingi huingia shambani ndani ya mfuko mmoja. Jembe na miguu ya trekta la kukodi vikwanguliwe udongo mpakani kabla ya kuingia. Mfereji wa maji nao uwekewe wavu pale unapoingia bustanini, maana viazi na vipande vya ukoka husafiri kwa maji.

Ikiwa baada ya misimu miwili kamili idadi katika vile vishimo haijapungua, tafuta sababu kabla ya kubadilisha zao. Tazama kwanza mapengo ya kivuli, kisha maji yanayovuja kutoka bustani ya jirani wakati wa kaskazi, kisha tarehe uliyokata machipukizi ya kwanza. Mara nyingi tatizo liko katika moja ya hayo matatu, na lile la tarehe ndilo rahisi kurekebisha mvua zijazo zitakapoanza.